Kinga ya umeme: ya bei chini ao ya bei kali? Jibu kwa watu wa njia ya Kabambare



Kuko swali moja linalonifikia kila juma tangu vijana wetu waanze kutazama kinga za umeme kwenye simu. "Kaka, kuko ya dola 600 na kuko ya dola 3,000. Tufanye namna gani?" Wanaouliza hawachezi. Mmoja wao ni mwalimu wa sekondari. Yeye na wenzake wanne wanachanga likelemba, na wamepatana kwamba safari hii hakuna atakayepeleka franga nyumbani: wote watano wataziweka kwenye kinga moja ya kubebea mafuta ya mawese na mchele kutoka vijijini mpaka soko ya Kasongo. Mshahara wa mwalimu munaujua. Kinga hiyo ikifa mwezi wa tatu, hakuna likelemba nyingine itakayotoka, na watu watano watabaki wanaangaliana vibaya.

Kwa hiyo nilikaa nikasoma maelezo mengi yanayolinganisha kinga hizi, nikatazama na video zake. Karibu yote yanatoka Marekani na Ulaya, na yote yanapita njia moja. Wanaweka ya bei chini kando ya ile ya bei kali, wanapima mwendo, wanapima breki, wanahesabu kilomita, halafu wanakupa shauri. Shauri liko la namna mbili tu. Moja: kamata ya bei chini, itakutosha. La pili: rahisi ni ghali, ongeza franga ulale usingizi. Kwao mashauri haya yote mawili yana akili. Kwetu yote mawili yanamwangusha mtu shimoni, ila si shimo moja, na njo maana nimeandika.

Tazameni kwanza vile ambavyo wapimaji wale hawavitaji hata mara moja, sababu kwao viko tu, kama hewa. Kuko goudron. Kuko umeme ukutani usiku na mchana. Kuko duka lenye fundi aliyefundishwa na kampuni iliyotengeneza kinga. Kuko posta inayoleta piesi mlangoni kwa siku tatu. Wakisema "ya bei kali ni nzuri zaidi", wanasema ni nzuri zaidi juu ya hivyo vinne. Ondoa hivyo vinne, kisha uniambie kama hukumu bado inasimama.

Tuanze na kilomita, sababu njo uongo unaouza kinga nyingi. Kinga ya bei chini huandikwa "kilomita 60". Angalia batri yake: volti 36, amperi-saa 10. Zidisha, unapata wati-saa 360. Gawa kwa 60: wati-saa 6 kwa kilomita. Kiasi hicho kinatosha mtu mwepesi, bila mzigo, kwenye goudron tambarare, akikanyaga pedali mwenyewe kwa nguvu na motere ikimsaidia kidogo tu. Sasa weka mtu wetu: kilo 70. Kinga na motere: kilo 25. Bidoni tatu za mafuta ya mawese za litre 20, karibu kilo 55, na chakula chake na pompi. Jumla kilo 155 hivi. Juu ya udongo mkavu uliopigwa, nguvu ya kusukuma uzito huo, pamoja na ile inayopotea ndani ya motere, inafika wati-saa 17 ao 20 kwa kilomita, na bado hujapanda kilima. Kilima cha metre 100 peke yake kinakula kama wati-saa 55. Kwa hiyo "kilomita 60" zinageuka 18, na kama njia iko na mchanga ao matope hata 10 ni kuomba Mungu.

Ile ya bei kali inaandikwa kilomita 120 ao 150, na batri yake ni ya wati-saa 600 ao 700. Fanya hesabu ileile. Kwa mzigo wetu inatoa kilomita 30 hivi, labda 35. Ni bora, ndiyo. Lakini kati ya Kasongo na Kabambare, hata ndege akiruka moja kwa moja, kuko zaidi ya kilomita 100, na sisi hatuna mabawa. Hakuna kati ya kinga hizi mbili inayofika Kabambare na mzigo kwa chaji moja. Inayokufa kilomita ya 18 na inayokufa kilomita ya 35, zote mbili zimekuacha porini, tofauti ni kwamba ya pili imekuacha mbali zaidi na nyumbani, ukisukuma chuma chenye motere nzito. Wasukumaji wetu wanaopita njia ile na kilo 100 na zaidi juu ya kinga nyeusi ya kawaida, angalau kinga yao haina batri iliyokufa ya kubeba juu ya mzigo.

Basi nasema wazi tangu hapa: kwa safari ya Kasongo mpaka Kabambare, leo, usinunue ya bei chini wala ya bei kali. Pikipiki bado inashinda, pamoja na bei ya esansi ya ba Kadafi inayopanda kila barabara ikikatika. Mazungumzo ya kinga ya umeme yanaanza kuwa na maana ndani ya kilomita 12 ao 15 kuzunguka mji: kutoka kijiji mpaka soko, muuguzi kutoka kituo chake mpaka makao ya zone de santé, mwalimu kutoka nyumbani mpaka shule. Kazi ya hao walimu watano iko ndani ya duara hiyo. Njo maana sikuwaambia waache.

Sasa tuingie ndani ya mashine, sababu bei iko huko.

Dola 3,000 zinalipia nini? Kwanza motere ya katikati, pale pedali zinapozungukia, za Bosch ao Shimano ao mwingine wa namna hiyo. Motere hii ina akili: inapima nguvu ya mguu wako na kukusaidia kufuatana nayo, na inatumia gia za kinga, kwa hiyo kilima inakipanda vizuri kuliko motere iliyo ndani ya gurudumu. Hilo ni kweli, na mtu asiwadanganye kinyume. Halafu breki za mafuta, batri iliyofungwa vizuri ndani ya kadre, skrini, na programu inayounganisha vyote. Ulaya motere hizi zimefungiwa na sheria kwenye wati 250 na kilomita 25 kwa saa, kwa hiyo hulipii mbio, unalipia ulaini na kudumu.

Lakini ulaini huo unashikwa na programu. Kwenye mfumo wa Bosch, motere na batri zinazungumza, na motere haikubali batri ya mtengenezaji mwingine. Kosa likitokea, linaonekana kama namba kwenye skrini, na ili kulifuatilia mpaka ndani fundi anahitaji chombo na programu ambavyo kampuni inawapa wauzaji wake. Muuzaji wa karibu wa Bosch na sisi ni nani? Muhesabu wenyewe. Kinga ya dola 3,000 ikiandika namba ya kosa ukiwa kijijini, umebaki na kinga ya kawaida yenye uzito wa kupita kiasi. Na motere hiyo ya katikati inavuta kwa mnyororo: nguvu yote ya motere na ya mguu inapita kwenye mnyororo mwembamba na meno membamba ya gia. Kwa mzigo na mchanga wetu vinalika upesi, na mnyororo wa gia 10 ao 11 huupati kwenye meza za piesi za soko, hata uzunguke toka asubuhi.

Kuko mfano tunaoujua wote. Zile kinga za Ulaya zenye gia nyingi, zilizofika na mizigo ya mitumba. Ziko wapi? Gia ikipinda, mtu anaondoa kila kitu, anafunga mnyororo kwenye meno mamoja, na kinga inabaki na gia moja. Wakati huohuo kinga nyeusi ya Phoenix ya Shanghai ao Hero ya India, nzito, yenye breki za vyuma, inaendelea mpaka mjukuu. Haikushinda juu ya kuwa na chuma bora kuliko ya Ulaya. Ilishinda juu ya reyoni, ekseli, bilya na shambreri zake kuuzwa soko zote, na fundi wa chini ya mti kuifungua na funguo tatu. (Mafundi wetu wa kinga wanadharauliwa sana na sisi wenye diploma. Nimeona mmoja akinyosha janti iliyopinda kama chapati kwa mikono na macho tu, ikarudi sawa. Mimi na diploma yangu siwezi.)

Upande wa bei chini, mambo ni tofauti. Kinga ya dola 600 ina motere ndani ya gurudumu la nyuma, kisanduku kimoja cha kontrola, nyaya zenye vichwa vya kuchomeka, breki za kamba. Motere haiulizi batri jina lake: ukiipa volti zake, inazunguka. Kontrola ikiungua unaweka nyingine ya volti zilezile, hata ya mtengenezaji mwingine. Fundi wa redio mwenye chuma cha kulehemu na mita ya kupimia anaweza kuijifunza kwa siku mbili. Kwa jicho letu, ujinga huo wa mashine ni sifa. Wapimaji wa Ulaya wanaiandika kama kosa: "inasaidia kwa kurukaruka, haina ulaini." Ndugu yangu, aliyebeba bidoni tatu hatafuti ulaini.

Ila hapa njo shimo la pili linapofunguka, na liko refu kuliko la kwanza. Muuzaji wa bei chini hakupunguza bei kwenye motere, sababu motere hizo ni rahisi kutengeneza. Amepunguza kwenye batri.

Batri za bei chini ziko namna mbili. Ya kwanza ni ya risasi, ndugu mdogo wa batri ya gari: nne za volti 12, zimefungwa pamoja, zinaandikwa volti 48 na amperi-saa 12. Kwenye karatasi ni wati-saa 576. Zina uzito wa kilo 16 na kupita. Lakini batri ya risasi ukiinyonya kwa nguvu ndani ya saa moja haitoi yote iliyoandikwa, na ukiimaliza kila siku mpaka chini inakufa kabla ya mwaka. Ukitaka idumu unatumia nusu. Kwa hiyo umenunua 576, unatumia kama 300, na umebeba kilo 16 za risasi ili kupata hizo. Sifa yake moja ni kwamba kila mtu anaijua na haiwaki moto kwa urahisi.

Namna ya pili ni ya litiamu isiyo na jina. Ndani yake kuko seli ndogo nyingi, kila moja kubwa kidogo kuliko jiwe la torshi, na kadi ndogo ya umeme inayozilinda: inakata chaji zikijaa, inakata kazi zikikaribia kuisha, inasawazisha seli zote. Kwenye batri nzuri, seli zinafanana na kadi ni ya kweli. Kwenye batri ya bei ya kutupa, seli zinaweza kuwa zimeokotwa kwenye batri nyingine zilizozeeka, na kadi ikawa ya kuonyesha tu. Kwa macho huwezi kutofautisha, sababu vyote viwili vimefunikwa na plastiki nyeusi nzuri.

Mtu asifikiri ni maneno ya kutisha watoto. New York, mji wenye zimamoto wa kuogopwa duniani, mwaka 2023 ulihesabu moto 268 uliotokana na batri za litiamu, na watu 18 walikufa. Wengi wa waliokuwa wakitumia kinga hizo ni watu wa kazi, wanaopeleka chakula nyumba kwa nyumba, walionunua rahisi juu ya mfuko wao, na wanachaji usiku karibu na mlango wa chumba walimolala. Mji ule ulitoa sheria mwaka huohuo: kinga ya umeme isiyopimwa na kupata cheti haiuzwi tena. Sisi hatuna sheria hiyo, hatuna zimamoto, na nyumba zetu nyingi ziko na paa la majani. Batri ikiwaka saa nane ya usiku chini ya majani, pamoja na kinga unapoteza nyumba na waliolala ndani, kisha ya jirani. Kwa sababu hiyo moja, ningemkataza ndugu yangu kununua batri ya litiamu isiyo na jina hata akipewa bure.

Basi utasema: bei kali hapana, bei chini hapana, unataka tuende na miguu? Hapana. Nasema swali lenyewe limekaa vibaya. Wanatuuliza tuchague kati ya kinga mbili nzima, kama mtu anayenunua mbuzi. Kwetu kinga nzima si kitu cha kununua. Kadre na magurudumu tunavyo: kinga nyeusi iko tayari, na inabeba mzigo kuliko zote mbili. Motere ya gurudumu la nyuma na kontrola yake vinauzwa peke yake, na hapo ya bei chini inatosha kabisa. Franga zote zinazobaki zinapaswa kwenda kwenye batri. Wapimaji wa Ulaya wanatoa nusu ya maandishi yao kwa kadre, rangi, na kiti, halafu batri mistari miwili. Mimi ningegeuza.

Batri gani? Kuko aina ya litiamu inayoitwa LFP, ya chuma na fosfati. Ni nzito kidogo kuliko zile nyingine za litiamu, lakini inavumilia joto, haiwaki kwa urahisi kama ndugu zake, na ikitunzwa inavumilia kujazwa na kumalizwa mara 2,000 ao zaidi, wakati ya risasi inayomalizwa kila siku inachoka karibu na mara 300. Fanyeni hesabu ya mwalimu wa darasa la sita. Risasi: wati-saa 300 mara 300, ni wati-saa 90,000 kwa maisha yake yote. LFP ya wati-saa 500 mara 2,000 ni wati-saa 1,000,000. Hata ukiilipa bei ya batri za risasi mara nne ao tano, bado kila kilo ya mchele iliyofika soko imekugharimu kidogo zaidi. Na ndani yake hakuna kobalti. Nalisema hili sababu kobalti ya batri nyingi za bei kali inatoka Kolwezi, inazunguka dunia, kisha inarudi kwetu kwa bei ambayo mchimbaji wake haiwezi. Litiamu yenyewe tunayo hapa kusini yetu, Manono, bado ikigombaniwa na makampuni. Lakini tuache, hilo lina andiko lake.

Sasa, batri bila chaji ni jiwe. Hapa njo watu wengi wanaotusifia Kigali wanapojikwaa. Ni kweli, Kigali imefanya kazi ya ajabu. Ampersand ilianza biashara yake pale mwaka 2019: motari ananunua pikipiki ya umeme bila batri, batri inabaki ya kampuni, na ikiisha anaibadilisha kituoni kwa dakika chache na kulipa umeme alioutumia. Tangu Januari 2025, pikipiki mpya ya kubeba abiria Kigali inaandikishwa tu ikiwa ya umeme. Nairobi kuko Roam na Spiro wanaoshindana. Vijana wetu wanaona picha hizo na kusema: mbona sisi hapana? Sababu mpango ule unakula vituo vingi karibu-karibu, umeme usiokatika, goudron, na maelfu ya pikipiki za aina moja. Kasongo hatuna hata kimoja cha hivyo vinne. Kuiga pikipiki ya Kigali bila kituo chake ni kununua kisu bila mpini.

Kitu tunachoweza kuiga ni wazo moja tu: batri si lazima iwe mali ya anayeendesha, na si lazima ilale nyumbani kwake. Kasongo watu wa kuchaji simu wapo kila mtaa, na pano zao za jua na konvertisere. Pano ya wati 200, jua zuri la kiangazi, kati ya Juni na Agosti, inatoa kama wati-saa 700 kwa siku baada ya hasara zote. Inajaza batri moja ya 500 na simu kadhaa juu yake. Wakati wa mvua hesabu inashuka, siku nyingine nusu, siku nyingine kidogo zaidi. Kwa hiyo kinga moja inahitaji pano yake ya wati 200, si ya 50 ile ya taa na redio, na franga za pano hiyo zihesabiwe ndani ya bei ya kinga tangu siku ya kwanza. Walimu wetu watano hawakuwa wameihesabu. Tulipoiweka, bajeti ya dola 600 ilibaki na dola chache sana kwa chombo chenyewe, na hapo walielewa wenyewe kwa nini nilikuwa ninawasumbua. Wakapanga upya: kinga nyeusi ya mmoja wao, motere ya nyuma, batri ya LFP, pano, na kungojea zamu mbili za likelemba pahali pa moja.

Na batri ichajiwe mchana, nje ya nyumba, kwenye kibanda cha mabati ao cha matofali, mtu akiona. Hili halina mjadala.

Kuko na neno la njia ya kufikisha. Vijana wengi wanafikiri ndugu aliye Ulaya atapanda ndege na batri kwenye sanduku. Haiwezekani. Kwenye ndege ya abiria, batri ya litiamu inayopita wati-saa 160 haikubaliwi katika mizigo ya msafiri, hata ya mkononi. Na yetu ina 500. Itakuja na meli mpaka Dar es Salaam, itapanda treni ao lori mpaka Kigoma, itavuka ziwa mpaka Kalemie, kisha malori na pikipiki mpaka kwetu. Ni miezi. Kwa kinga ya bei kali, miezi hiyo inahesabika kwa kila kitu kidogo kinachovunjika. Kwa kinga nyeusi yenye motere, ni batri peke yake, kontrola na motere. Vingine vyote viko soko. Njo maana ninashauri kontrola mbili ziagizwe tangu mwanzo, sababu ni rahisi, nyepesi, na njo kitu cha kwanza kuungua maji yakiingia. Na iwe kontrola inayokubali motere hata sensa zake zikifa.

Kwa mafundi wetu, mambo matatu niliyoyaona yakiharibu kazi hii. Motere ya nyuma ni nzito, kwa hiyo reyoni za kawaida zinakatika kwenye mashimo. Ziwekwe nene, na mzigo usogezwe mbele kidogo, usikae wote juu ya porbagaji. Ekseli ya motere inataka kujizungusha ndani ya kadre kila ukianza na mzigo. Ikifaulu inakata waya wake na safari imeisha. Mchomeleaji atengeneze mkono wa chuma wa kuishika, kila upande mmoja, chuma cha kweli, si bati. Na breki: kinga nyeusi ilitengenezwa kwa mwendo wa miguu. Kilo 155 zikishuka kilima kwa kilomita 30 kwa saa, breki zile za vyuma hazisimamishi kitu, mvua ikinyesha ndiyo kabisa. Hapa peke yake ninawapa haki wapimaji wa Ulaya: breki za ile ya bei kali ni bora sana, na mtu akipata namna ya kufunga breki ya diski ya kamba kwenye gurudumu la mbele, afanye hivyo kabla ya kufikiria rangi.

Kwa aliye na dola 3,000 na bado anaitaka ile ya skrini, ya kwendea ofisini Lubumbashi kwenye goudron na umeme wa SNEL, achukue, ni chombo kizuri. Aliye na dola 600, na muuzaji anamwonyesha kinga nzima yenye taa tano, amwulize mambo mawili tu: seli za batri ni za aina gani na za mtengenezaji nani, na je, kifuniko chake kinafunguka kwa skrubu ao kimegandishwa kwa gundi. Muuzaji akijibu na kilomita, asilipe.